Krayoni, Mkeka na Nusu Saa ya Utulivu: Krismasi ya Mtoto wa Chekechea

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano ya Kaunti

Shule zilifungwa mwishoni mwa Oktoba na mtoto wa chekechea hatarudi darasani hadi Januari. Hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote katika kalenda ya masomo nchini Kenya, na kwa mtoto wa miaka minne au mitano, miezi miwili na zaidi ni sehemu kubwa ya maisha yake. Ndiyo maana kila Desemba wazazi wengi hapa Taita Taveta, kuanzia Voi hadi Wundanyi, Mwatate hadi Taveta, hujiuliza swali moja: je, mtoto wangu hatasahau yote aliyofunzwa?

Wasiwasi huo huwapeleka wengine kumtafutia mtoto mwalimu wa kumfundisha kwa malipo wakati wa likizo. Mzazi afahamu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na mtoto wa PP1 au PP2 hayahitaji. Wengine humwachia mtoto simu ili nyumba itulie wageni wakija. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba muda mfupi zaidi ya huo ni bora.

Kuna njia ya tatu, nayo inahitaji mkeka, karatasi, vipande vya krayoni na mtu mzima mwenye nusu saa ya kukaa karibu na mtoto. Kupaka rangi picha za Krismasi huonekana kama mchezo wa kupitisha muda. Kwa mtoto wa umri huu ni somo kamili: la mkono, la macho, la hesabu na la lugha. Makala haya yanaeleza kwa nini, na jinsi ya kulifanya nyumbani bila gharama kubwa.

Mkono kwanza, herufi baadaye

Mzazi akimwona mtoto wa PP1 akichora michirizi badala ya kuandika jina lake, huenda akadhani kwamba mtoto yuko nyuma. Ukweli ni kwamba kuandika kuna ngazi zake, na mtoto hupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kwa kawaida, mtoto wa miaka miwili huweza kuchora mstari baada ya kuonyeshwa. Akifika miaka mitatu huweza kuiga duara. Akiwa na miaka minne hivi huweza kukutanisha mistari miwili ikawa msalaba. Mraba hufuata, na pembetatu, ambayo ina mistari ya kulala upande, wengi huiweza wakikaribia miaka mitano au baada ya hapo. Watoto hawalingani, lakini mfuatano huu huonekana kwa walio wengi.

Sasa zitazame herufi. O ni duara. T na L ni mistari iliyosimama na iliyolala. K, A na X zina mistari ya kulala upande, sawa na pembetatu. Mtoto ambaye bado hajaiweza pembetatu akilazimishwa kujaza ukurasa mzima wa herufi K, tatizo si ukaidi wala uvivu. Mkono na jicho lake bado havijafika hapo. Anachojifunza kwa kulazimishwa ni kwamba penseli ni adhabu, na somo hilo anaweza kulibeba hadi Gredi ya Kwanza.

Kupaka rangi humjenga mtoto huyo bila kumtisha. Anaposhika krayoni na kuzungusha mkono ndani ya mpira wa Krismasi aliochorewa, misuli midogo ya vidole na kiganja inapata nguvu. Anapojaribu kusimama penye mstari, jicho na mkono vinajifunza kufanya kazi pamoja. Mtoto mdogo hushika krayoni kwa ngumi nzima. Kati ya miaka minne na sita wengi huanza kuishika kwa vidole vitatu, yaani kidole gumba, cha shahada na cha kati, jinsi tunavyoshika kalamu sisi watu wazima.

Kuna jambo dogo ambalo walimu wa chekechea wanalifahamu vizuri: usitupe vipande vya krayoni vilivyovunjika. Kipande kifupi hakienei kwenye ngumi, kwa hivyo vidole hulazimika kukishika inavyotakiwa. Krayoni ndefu na mpya inapendeza, lakini kile kipande cha urefu wa kidole gumba ndicho mwalimu bora.

Rangi pia ni lugha na hesabu

Faida ya pili imo katika mazungumzo. Utulivu tunaouzungumzia hapa hauna maana kwamba mtoto akae kimya kama yuko kwenye mtihani. Maana yake ni kwamba redio imepunguzwa, simu imewekwa kando, na watu wawili wanazungumza polepole juu ya kitu kilicho mbele yao.

Kiswahili chenyewe kinatupa somo zuri la rangi. Nyekundu, nyeupe na nyeusi hubadilika kufuata kitu kinachotajwa: nyota nyekundu, mti mwekundu, kikapu chekundu, maua mekundu. Mtoto hawezi kufundishwa kanuni hiyo ubaoni akiwa na miaka minne. Lakini akisikia mama akisema, "Umepaka kikapu chekundu na maua mekundu," mara kumi katika wiki moja, ataitumia ipasavyo bila kujua kwamba amejifunza sarufi.

Ikiwa nyumbani mnazungumza Kidawida, Kitaveta au lugha nyingine, zungumzeni kwa lugha hiyo. Mtaala wa umilisi unaruhusu mtoto wa chekechea kufunzwa kwa lugha ya eneo lake, na mtoto aliye na maneno mengi katika lugha ya mama hana hasara yoyote akija kwenye Kiswahili na Kiingereza.

Hesabu nayo hujitokeza yenyewe. Mti una mipira mingapi? Tumepaka mingapi? Imebaki mingapi? Nyota ipi ni kubwa? Ipi iko juu, ipi iko chini? Mtoto anayepaka mpira mmoja nyekundu, unaofuata kijani, kisha nyekundu, kisha kijani, anajifunza ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, nao ni msingi wa hisabati.

Faida ya tatu ni uwezo wa kukaa na kazi moja hadi mwisho. Mtoto wa umri huu huchoka haraka. Dakika kumi hadi kumi na tano za kupaka rangi zinatosha kwa mara moja, na nusu saa pamoja na kuandaa, kuzungumza na kukusanya vifaa. Akitaka kuacha, aache. Picha itamngoja hadi kesho, na kuirudia kazi ya jana ni funzo pia.

Rangi ziko jikoni

Pakiti ya krayoni inapatikana katika maduka mengi ya vitabu na hata vibanda vya mtaani. Lakini Desemba ina mambo mengi: nauli ya kwenda nyumbani, nguo za watoto, unga wa chapati, na karo inayongoja Januari. Mzazi asiyeweza kununua krayoni mwezi huu asijione ameshindwa.

Majina ya rangi ya Kiswahili yenyewe yanatuonyesha pa kutafuta. Kijani kimetokana na jani, kijivu kimetokana na jivu, kahawia imetokana na kahawa, na manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Mtoto akiambiwa hivyo huku akivigusa vitu hivyo, hatasahau jina la rangi.

Manjano: changanya kijiko kidogo cha bizari ya manjano na maji kidogo. Mvalishe mtoto nguo kuukuu, kwa sababu doa lake halitoki kwa urahisi.

Kijani: ponda majani ya mchicha au sukuma wiki, au mwache mtoto asugue jani lenyewe kwenye karatasi.

Kahawia: tumia majani ya chai yaliyochemshwa hadi yakakolea, au kahawa, kisha yaache yapoe kabisa.

Waridi na nyekundu: kipande cha kiazi sukari, kile wengi hukiita bitiruti, hupaka chenyewe bila brashi.

Nyeusi na kijivu: kipande cha makaa yaliyopoa, na jivu lililochanganywa na maji.

Nyekundu ya udongo: hapa tumebarikiwa. Ndovu wa Tsavo wanajulikana duniani kote kuwa wekundu kwa sababu hujipaka vumbi la udongo wetu. Chekecha udongo huo, toa mawe, changanya na maji hadi uwe kama uji mwepesi. Mtoto akipaka ndovu kwa udongo ule ule ambao ndovu hujipaka, umempa somo la mazingira ambalo halimo katika kitabu chochote cha dukani.

Brashi ni kijiti kilichopondwa ncha kama mswaki wa mti, au kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Karatasi ni upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka unaoisha, kurasa zilizobaki katika madaftari ya kaka na dada, mifuko ya karatasi ya unga wa ngano iliyofunguliwa, au boksi lililokatwa. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa na maji hadi ukawa mzito.

Wala huhitaji kuwa mchoraji. Nyota, mti, nyumba na ng'ombe wa mistari michache vinatosha. Mtoto hatoi alama.

Shughuli sita za kujaribu

1. Nyota ya Bethlehemu. Weka nukta kumi zinazozunguka kama ncha na mabonde ya nyota, kisha ziandikie namba 1 hadi 10. Mtoto wa PP2 aunganishe nukta kwa kufuata namba, ndipo apake rangi. Mtoto wa PP1 mchoree nyota kwa mistari hafifu aifuatishe kwa krayoni. Anajifunza mfuatano wa namba na kugeuza mkono penye kona.

2. Mti wa pembetatu tatu. Chora pembetatu tatu, ndogo juu, ya kati katikati na kubwa chini, na shina la mstatili. Mti ukiisha kupakwa kijani, aongeze mipira ya duara kwa mpangilio wa rangi mbili. Mwulize ni pembetatu ipi kubwa kuliko zote. Kama kuna mti wa sipresi karibu na nyumba, mpeleke kwanza autazame, aunuse, aguse majani yake, kisha mrudi kwenye karatasi.

3. Hori na wanyama. Chora hori la nyasi, na kando yake ng'ombe, punda, kondoo na mbuzi. Mtoto anapompaka kila mnyama, ataje mlio wake, chakula chake na mtoto wake: ndama, mwanakondoo. Familia za Kikristo zinaweza kusimulia kisa chenyewe polepole kadiri picha inavyojaa rangi. Injili ya Luka ndiyo inayotaja hori na wachungaji, na ya Mathayo ndiyo inayotaja nyota na mamajusi. Mathayo hakusema mamajusi walikuwa wangapi, kwa hivyo mwache mtoto aamue atachora wangapi, kisha awahesabu.

4. Leso ya nyanya. Leso ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi. Mpe mtoto karatasi ya mstatili. Pindo alijaze ruwaza za nukta na mistari, katikati achore tunda, ua au ndege, na pale penye jina aseme maneno anayotaka kumwambia nyanya, wewe uyaandike. Atakapoyasikia yakisomwa mbele ya nyanya, ataelewa jambo kubwa kuhusu kusoma: kwamba maneno ya mdomoni yanaweza kuwekwa kwenye karatasi na kurudi tena.

5. Kadi ya shukrani. Kunja karatasi katikati. Nje apake picha yoyote. Ndani aandike jina lake kwa kadiri awezavyo, hata kama ni herufi ya kwanza tu, au aweke alama ya kiganja chake kwa rangi ya udongo. Ampe mtu aliyemsaidia mwaka huu: mwalimu wake, jirani, mhudumu wa afya wa kijiji, au kaka aliyekuwa akimpeleka shule kila asubuhi. Mtoto anayetoa zawadi aliyoitengeneza hujifunza kwamba Krismasi haimaanishi kupokea tu.

6. Safari yetu. Familia nyingi husafiri msimu huu. Mtoto akifika, mpe karatasi tupu na umwulize aliona nini njiani. Huenda akachora reli ya SGR, malori ya barabara ya Mombasa, mashamba ya mkonge, ndovu upande wa Tsavo, ukungu wa milima ya Taita au Kilimanjaro ikionekana kutoka Taveta. Huenda pia picha ikawa duara moja lenye miguu miwili, nawe ukaambiwa ni mjomba. Mkubalie. Mtu wa kichwa na miguu bila kiwiliwili ni hatua ya kawaida kabisa ya uchoraji wa watoto wa umri huu.

Shughuli hii ya mwisho isiachwe. Picha zilizochorwa tayari hufunza mkono kuheshimu mstari, lakini karatasi tupu hufunza akili kubuni. Mtoto anahitaji zote mbili. Utaratibu mzuri ni kwamba kila picha aliyochorewa ifuatwe na moja anayoichora mwenyewe.

Familia zisizosherehekea Krismasi

Kaunti yetu ina Wakristo, Waislamu na watu wa imani nyingine, na wapo Wakristo pia wasioadhimisha sikukuu hii. Likizo ni ya watoto wote, na mkono wa mtoto hukua vile vile anapopaka nyota, leso, ndovu au bakuli la matunda. Shughuli ya nne, ya tano na ya sita hazihitaji kubadilishwa hata kidogo. Watoto wa majirani wakija nyumbani kwako, ni heshima kuwauliza wazazi wao kabla ya kuwapa picha zenye maudhui ya dini.

Kaa karibu, sema machache

Mtu mzima ndiye anayeamua kama dakika hizi zitakuwa somo au vita. Mambo machache ya kuzingatia ni haya.

Usimshike mkono ukampakia wewe. Picha itapendeza zaidi, lakini mkono wako ndio utakaokuwa umefanya mazoezi.

Usimgombeze kwa rangi aliyochagua. Ng'ombe wa kijani hajamdhuru mtu. Mwulize tu, "Huyu ng'ombe anakula nini hata awe kijani?" Jibu utakalopata ni zoezi la lugha lenye thamani kuliko ng'ombe wa kahawia.

Usimlazimishe mtoto wa mkono wa kushoto kutumia wa kulia. Mkono anaoupendelea ni jinsi alivyoumbwa, wala si tabia mbaya ya kurekebishwa.

Usimlinganishe na binamu yake mbele ya wageni. Krismasi hukutanisha watoto wa rika moja, na watu wazima hupenda kupima nani anajua kuandika. Mtoto aliyechekwa mbele ya ukoo huficha karatasi yake kuanzia siku hiyo.

Badala ya kusema tu "vizuri sana", taja ulichokiona: "Umezunguka mstari wote," au "Leo umetumia rangi nne." Mtoto hujua basi ni nini alichokifanya vizuri, naye atakirudia.

Bandika kazi yake mahali panapoonekana. Karatasi ikibandikwa ukutani mtoto anaweza pia kupaka akiwa amesimama, na hilo huimarisha bega na kifundo cha mkono. Ukuta usiporuhusu, tumia mlango.

Mwishoni, akusanye vifaa mwenyewe na kuvirudisha kwenye kikapu. Hapo amefunga kazi.

Na kama wazazi wote wawili mko kazini, sokoni au shambani hadi jioni, kazi hii inaweza kufanywa na nyanya, babu, au dada aliye Gredi ya Tano. Mwonyeshe dada huyo ukurasa huu. Anayemsaidia mdogo wake kupaka rangi anajifunza pia subira.

Usalama kwanza

Kula krayoni kidogo kwa bahati mbaya si jambo la kushtua sana, lakini kuna hatari za kweli ambazo ni lazima zizuiwe.

Rangi ya kupakia nyumba, ya viatu, ya nguo au ya magari isitumiwe na mtoto, hata ikiwa imebaki kidogo kwenye mkebe. Baadhi huwa na kemikali zinazodhuru.

Kadi zinazoimba na mapambo ya taa huwa na betri ndogo za duara kama kifungo. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo ndani ya muda mfupi. Usingoje aanze kulia wala usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja.

Maharagwe, punje za mahindi, shanga na vifungo hupendeza vikigandishwa kwenye picha, lakini mtoto anaweza kuvitia puani au sikioni. Vitumike mtu mzima akiwa hapo, na visiachwe karibu na mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Usichume majani usiyoyajua kwa ajili ya rangi. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule mmea wa ua, huumiza vibaya macho.

Mishumaa, makaa ya moto na maji ya chai yanayochemka viwe mbali na mkeka. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya chakula.

Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nje

Mtoto ambaye vidole vyake havishiki vizuri anaweza kufungiwa kitambaa kwenye krayoni ili iwe nene, na karatasi ikabandikwa mezani isiteleze. Asiyeona vizuri apewe mistari minene myeusi. Asiyeona kabisa agandishiwe uzi juu ya mstari kwa gundi, auguse kwa vidole na kuijaza picha kwa mchanga, pamba au majani makavu. Anayesumbuliwa na kelele apewe pembe yake mbali na wageni, na asilazimishwe kuwasalimia wote kwa mkupuo.

Nusu saa hii humpa mzazi pia nafasi ya kumtazama mtoto kwa makini. Je, anasogeza uso karibu sana na karatasi? Je, anashindwa kabisa kushika krayoni ingawa ametimiza miaka mitano? Je, mkono mmoja hautumii hata kidogo? Je, huhitaji kumwita mara nyingi ndipo asikie? Hizi si sababu za kuogopa, ni sababu za kuuliza. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kituo cha EARC kinachopima mahitaji ya watoto kielimu. Tatizo la macho au masikio likijulikana kabla ya Gredi ya Kwanza, mtoto huyo anaepushwa na miaka ya kuitwa mzembe bila kosa lake.

Januari ikifika

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Kaunti ndiyo inayosimamia walimu na madarasa ya PP1 na PP2 katika shule za umma. Lakini darasa hufungwa, na kwa zaidi ya miezi miwili mwalimu wa mtoto ni yule anayekaa naye nyumbani.

Basi weka kazi zake katika bahasha au mfuko mmoja, na nyuma ya kila karatasi uandike tarehe. Siku ya kufungua shule, mpe mwalimu. Ataona kwa dakika tano jambo ambalo lingemchukua wiki kadhaa kuligundua: jinsi mtoto anavyoshika krayoni, rangi anazozijua, namba anazozifahamu, na mambo anayopenda kuyazungumzia. Weka ya kwanza ya Novemba kando ya ile ya mwisho ya Desemba, nawe utajionea jinsi michirizi ilivyogeuka duara, na duara likawa mjomba mwenye mikono.

Katika mfuko huo huo weka nakala ya cheti cha kuzaliwa na kijitabu cha kliniki cha mtoto, kwa maana vitahitajika wakati wa kumwandikisha. Mtoto anayetimiza miaka minne yuko tayari kwa PP1, wa mitano kwa PP2, na wa sita kwa Gredi ya Kwanza. Mzazi ambaye mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia sasa, kabla ya msongamano wa Januari. Kwa maelezo kuhusu shule ya chekechea iliyo karibu nawe, fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.

Krismasi njema na likizo salama kwa familia zote za kaunti yetu.